Injini ya Dizeli Inapomisi na Kuacha: Anzia Kwenye Tenki

Toyota Coaster, ambayo Dar es Salaam na Nairobi tunaijua kama basi dogo la abiria, huko Australia na New Zealand ina maisha ya pili. Watu huinunua ikiwa imetumika, wakang'oa viti, wakaweka vitanda, jiko na tenki la maji, nayo ikawa gari-nyumba. Nyingi zina injini ya 1HZ: silinda 6, cc 4,164, haina tabo, na pampu yake ya dizeli haiongozwi na kompyuta. Ni injini ile ile inayobeba watalii mbugani ndani ya Land Cruiser. Inasifika kwa uvumilivu, na ndiyo maana ikimisi, ikatulia yenyewe, kisha ikamisi tena mlimani, mwenye gari huchanganyikiwa na kuanza kununua vipuri. Majibu yafuatayo yanatetea njia nyingine.

Swali: Injini ya dizeli haina plagi za cheche. Sasa inamisi kwa sababu gani?

Dizeli huwashwa na joto la hewa iliyobanwa. Katika 1HZ hewa hubanwa kwa uwiano unaozidi 22 kwa 1, na joto linalopatikana linatosha kuwasha mafuta bila cheche. Kwa hiyo silinda inadai mambo matatu tu: hewa ibanwe vya kutosha, dizeli ifike ya kutosha, na ifike kwa wakati wake. Sasa tazama tabia ya kila kasoro. Ringi zilizolika hazijirudishi. Valvu iliyoungua haiponi ukishuka mlima. Mkanda wa taimingi ulioruka jino haurudi mahali pake wenyewe. Ubovu wa chuma ukishaingia, unakaa, na injini itamisi leo na kesho. Kinachokuja na kuondoka ni kile kinachotembea au kutikisika: hewa ndani ya mafuta, maji, uchafu unaoelea, na waya uliolegea. Ndiyo maana hitilafu ya vipindi itafutwe kwanza kwenye njia ya mafuta, kabla ya kufungua injini.

Swali: Hewa itaingiaje wakati hakuna hata tone la dizeli linalovuja chini?

Pingamizi hili ni la haki, lakini linasahau jinsi mafuta yanavyosafiri. Kwenye 1HZ, pampu iliyo mbele huvuta dizeli kutoka kwenye tenki. Hakuna pampu ya umeme inayoisukuma kutoka nyuma. Injini ikifanya kazi, bomba lote kati ya tenki na pampu liko katika hali ya kunyonywa. Ufa mdogo kwenye mpira, klipu iliyolegea au oringi iliyokauka haitoi dizeli nje. Inaingiza hewa ndani. Kukosekana kwa matone chini ya gari, basi, si ushahidi kwamba bomba ni zima. Hewa hiyo ikifika kwenye pampu, povu linabanwa badala ya kusukumwa, shinikizo halitoshi kufungua nozeli, na silinda inakosa mlipuko wake. Hali huwa mbaya zaidi tenki likiwa karibu tupu na injini ikidai mafuta mengi mlimani, maana hapo mvuto ni mkubwa. Dalili nyingine ni gari kusumbua kuwaka asubuhi, kwa sababu usiku dizeli imerudi nyuma kuelekea kwenye tenki. Kipimo ni rahisi: weka kipande cha mpira unaoonyesha ndani kati ya filta na pampu, kisha angalia. Viputo vinavyopita mfululizo wakati injini imeshapata moto ni dalili ya hewa ndani ya mafuta.

Swali: Kwa nini gari-nyumba liteseke kuliko basi lenye injini hiyo hiyo?

Kwa sababu basi halilali. Linajazwa dizeli na kuimaliza, na mafuta hayapati muda wa kuharibika. Gari-nyumba huegeshwa miezi kadhaa huku tenki likiwa nusu. Hewa iliyo juu ya mafuta hubeba unyevu, unyevu hugeuka kuwa matone, na maji yanashuka chini kwa kuwa ni mazito kuliko dizeli. Pale maji na dizeli vinapokutana, bakteria na kuvu huzaliana na kuacha ute mweusi. Mwendo wa barabara mbovu huutibua, nao unavutwa hadi kwenye mdomo wa bomba la ndani ya tenki. Gari hupoteza nguvu na kumisi. Likisimama dakika chache, uchafu unadondoka, na safari inaendelea kana kwamba hakukuwa na kitu. Tundu la kupumulia la tenki likiziba, hali hufanana: fungua kifuniko, ukisikia hewa ikiingia kwa nguvu na injini ikarudi sawa, jibu unalo. Zaidi ya hayo, mipira hukauka ikikaa, na hita ya dizeli ya chumbani wakati mwingine huunganishwa kwenye bomba lile lile la mafuta. Kila kiungo kilichoongezwa ni mlango mwingine wa hewa.

Swali: Filta ni mpya, na fundi anasema nozeli zimekufa. Nimpinge kwa hoja gani?

Filta mpya inaondoa uchafu wa filta ya zamani. Haizuii hewa, na oringi yake ikikaa vibaya inaweza kuwa ndiyo inayoileta. Kuhusu nozeli, fundi huenda yuko sahihi. Ni kweli sindano ya nozeli inaweza kukwama kwa muda na kuachia, na waya uliolegea wa solenoidi inayokata dizeli kwenye pampu unaweza kuzima silinda zote kwa nukta moja. Lakini hayo yanapimika. Chukua dumu la dizeli safi iliyochujwa, unganisha mpira wake kwenye filta badala ya bomba la tenki, na bomba la marejesho lirudi kwenye dumu hilo. Lifungwe imara, mbali na ekzosi, kisha gari lijaribiwe mwendo mfupi kwenye kilima kile kile. Likitulia, nozeli hazina hatia. Ubovu uko ndani ya tenki au kati yake na filta. Likiendelea kumisi, legeza nati za paipu za nozeli moja moja injini ikiunguruma taratibu, ukivaa glavu na miwani. Silinda ambayo ukiilegeza mlio haubadiliki ndiyo isiyofanya kazi. Ikiwa ni ile ile kila mara, na moshi mweupe unatoka, hapo tuzungumze nozeli, kisha kipimo cha mgandamizo.

Swali: Gari langu ni Fiat Ducato au Mercedes Sprinter la kisasa. Si kompyuta itaniambia?

Itakuambia ilichokiona, si kilichosababisha. Kosa la shinikizo dogo la mafuta linaweza kuletwa na pampu, nozeli, filta au hewa, na wengi husoma neno pampu wakainunua. Usomaji wenye faida ni wa wakati gari linapanda mlima: linganisha shinikizo linalotakiwa na lililopo, na angalia marekebisho ya kila silinda. Onyo moja: kwenye mfumo wa komoni reli usilegeze nati yoyote ya nozeli. Shinikizo linaweza kuzidi baa 1,600, na mchirizi wake hupenya ngozi. Jeraha hilo ni la upasuaji wa haraka, hata likionekana dogo.

Swali: Kwa kifupi, nifuate mpangilio gani?

Kwanza andika misi inatokea lini: mlimani, tenki likipungua, au kila wakati. Fungua koki ya chini ya filta na utoe maji. Kagua mipira, klipu na kiungo cha hita. Weka mpira unaoonyesha ndani, kisha fanya kipimo cha dumu. Dawa ya kusafisha nozeli haizibi ufa wala haiondoi maji, kwa hiyo haina nafasi hapa. Mwambie fundi wako utamlipa kwa kupima kabla ya kumlipa kwa kubadilisha. Pampu na nozeli zishushwe mwisho, baada ya vipimo kuzitaja.