Mageuko ya Viumbe, Itikadi na Dozi ya Kifua Kikuu

Nchini Marekani, mtazamo kuhusu mageuko ya viumbe huambatana na siasa. Katika utafiti wa Pew wa mwaka 2013, asilimia 67 ya wafuasi wa chama cha Democratic waliyakubali mageuko ya binadamu, ikilinganishwa na asilimia 43 ya wafuasi wa Republican. Hata hivyo, mgawanyiko huo si wa asili. Katika kesi ya mwalimu John Scopes, jimboni Tennessee mwaka 1925, aliyeyapinga mageuko alikuwa William Jennings Bryan, mgombea urais wa Democratic mara tatu.

Vimelea vya kifua kikuu havina chama. Mgonjwa anapokatiza dozi, vilivyo dhaifu hufa; vichache vyenye usugu husalia na kuzaliana. Hayo nayo ni mageuko. Mhudumu hana haja ya kubishania imani ya mgonjwa. Amweleze jambo hilo, naye amalize dozi.