UKIJARIBIWA, USIRUDI NYUMA!



Ulinyoosha mkono mkutanoni, ukaombewa, ukarudi nyumbani kwa furaha. Sasa miezi imepita. Kazi imesimama, mtoto anaumwa, kodi ya nyumba hujalipa. Jirani anakucheka: "Huo wokovu wako umekusaidia nini?" Na usiku unajiuliza, "Je, Mungu ameniacha?"

HAPANA, ndugu yangu! Hebu tujifunze katika Neno.

1. MATESO SI DALILI YA KUACHWA
Ayubu alikuwa mcha Mungu. Hata hivyo alipoteza kondoo 7,000, ngamia 3,000 na watoto wake kumi (Ayubu 1). Rafiki zake walishikilia kwamba ametenda dhambi. Mwishowe Mungu aliwakasirikia hao rafiki (Ayubu 42:7). Basi usikubali kila anayekuambia shida yako ni laana!

2. MUNGU HUJIBU HATA MWIBA UKIBAKI
Paulo aliomba mara tatu mwiba umtoke (2 Wakorintho 12:8-9). Haukutoka. Alipewa neema ya kumtosha. Huenda jibu lako ni nguvu ya kuvumilia leo, na kesho utapewa nyingine.

3. WENGINE WALISIMAMA HADI KUFA
Janani Luwum, Askofu Mkuu wa Uganda, aliokoka mwaka 1948. Mwezi Februari 1977, yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Rais Idi Amin kupinga mauaji ya raia. Tarehe 16 mwezi huohuo aliuawa. Angeweza kunyamaza apone. Hakunyamaza!

SASA UFANYE NINI?
* Usiende kwa mganga, hata usiku, hata "mara moja tu". Atakayekufunga hirizi leo atakudai mbuzi kesho, na hofu itabaki palepale.
* Mtoto mpeleke hospitali, huku ukiomba. Kumeza dawa si kukosa imani.
* Usijifungie na shida yako. Waambie wapendwa kanisani. Mzigo wa wawili ni mwepesi.
* Lia mbele za Mungu. Daudi naye alilia sana.

OMBA HIVI:
"Bwana Yesu, nimechoka, nawe waona. Sielewi njia hii, lakini sitaki kurudi nilikotoka. Nishike mkono leo. Kama mwiba utabaki, nawe baki nami. Amina."

Umeomba? Basi inuka, mpendwa. Jumapili usikose ibada. Ukimaliza kusoma, mpe mwenzako.