SOMO: SHAHIDI ALIYEFICHWA

Wapendwa, katika somo hili tujifunze jambo moja: anayeficha ukweli ameshuhudia uongo. Mfano wetu unatoka Marekani, jimbo la Texas.

Tarehe 13 Agosti 1986, Michael Morton aliondoka alfajiri kwenda kazini. Huku nyuma mke wake, Christine, aliuawa kitandani kwa kupigwa. Mtoto wao wa miaka 3 alikuwemo nyumbani. Mwaka 1987 Morton alihukumiwa kifungo cha maisha. Ilidaiwa kwamba alimkasirikia mkewe usiku ule. Torati ilitaka mashahidi wawili au watatu. Hapa hakuletwa hata mmoja aliyeona akiua.

Kumbe shahidi alikuwepo. Mtoto alimwambia bibi yake kwamba aliyempiga mama ni zimwi, na kwamba baba hakuwepo. Bibi akawaeleza polisi. Majirani nao walisema walimwona mtu mwenye gari la kijani nyuma ya nyumba. Maneno hayo yaliandikwa, lakini upande wa mashtaka haukuwapa watetezi wa Morton.

Tuone matunda ya kuficha.

Kwanza, mtoto alifiwa na mama, kisha akanyang'anywa baba. Alipokua aliacha kwenda kumwona gerezani, akabadilisha hata jina la ukoo.

Pili, muuaji alibaki huru. Mwaka 1988 aliua mwanamke mwingine mjini Austin.

Karibu na nyumba ya Morton iliokotwa leso yenye damu. Waendesha mashtaka walipinga kwa miaka isipimwe DNA. Ilipopimwa, ilionekana damu ya Christine pamoja na alama za mwanamume mwingine, Mark Alan Norwood. Tarehe 4 Oktoba 2011 Morton alitoka gerezani, baada ya karibu miaka 25. Norwood alihukumiwa mwaka 2013 kwa kifo cha Christine, na mwaka 2016 kwa kile cha Austin.

Ken Anderson, aliyeendesha mashtaka yale na baadaye akawa jaji, mwaka 2013 alipewa siku 10 za jela na akapoteza leseni ya uwakili. Mwaka huohuo Texas ilitunga sheria yenye jina la Morton, inayowataka waendesha mashtaka wawaonyeshe watetezi ushahidi walio nao.

Baba na mwana walipatana tena, polepole. Mahakama iliweza kufungua mlango wa gereza. Utoto wa yule kijana haikuweza kuurudisha.

Nasi tunaketi katika mabaraza ya wazee, tukisikiliza mashauri ya majirani. Kabla ya kusema "huyu ana hatia," tumwite na yule mdogo ambaye hakuna aliyemwuliza.

Maswali ya kujadiliana:
1. Katika mashauri yetu, ni nani hunyamazishwa kwa sababu ni mtoto au mjane?
2. Ukijua jambo linaloweza kumwokoa mtu usiyempenda, utalisema?
3. Mtu akionekana hana hatia, tufanye nini ili watoto wake wampokee tena?