Chanda Chema Huvikwa Pete: Kumtuza Mtoto Anayesomea Nyumbani

Umejifunza kusoma na kuandika. Sasa unaweza kumsaidia mwanao. Huenda shule zimefungwa. Huenda mtoto ameugua na kukaa nyumbani siku nyingi. Huenda yuko Darasa la Pili na bado anababaisha maneno. Wewe ndiye mwalimu aliye karibu naye.

Lakini mtoto akiwa nyumbani hapendi kukaa na daftari. Wenzake wanamwita kucheza. Mzazi afanye nini? Wengine hushika fimbo. Wengine hutoa pipi. Somo hili linaeleza namna ya kumtuza mtoto ili apende kusoma.

1. Yaliyonipata mimi

Tarehe 17 Machi, 2020 ilitangazwa kwamba shule za Tanzania zifungwe kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Shule za msingi zilifunguliwa tena tarehe 29 Juni mwaka huo. Kwa zaidi ya miezi mitatu watoto walikaa nyumbani. Huko Uganda wako watoto waliokaa karibu miaka miwili, hadi Januari 2022.

Wakati huo mwanangu alikuwa Darasa la Pili. Mimi hufundisha watu wazima. Nilidhani kumfundisha mwanangu ni kazi nyepesi. Siku ya kwanza nilimwambia, "Soma ukurasa huu, nitakupa pipi." Akasoma. Wiki ya pili akaniuliza, "Baba, leo ni pipi ngapi?" Nikasema mbili. Wiki ya tatu akataka shilingi mia. Siku moja sikuwa na kitu mfukoni. Akafunga kitabu, akaenda zake kucheza mpira.

Kisha niligundua jambo lingine. Mtoto alikuwa hasomi. Dada yake alimsomea ukurasa mapema, naye akaukariri. Pipi walikuwa wakigawana.

Nilikasirika, nikamchapa. Kesho yake alipokiona kitabu alikimbilia kwa bibi yake. Hapo niliona aibu. Mimi niliyemfundisha kusoma kwa kulipwa ndiye niliyemchapa kwa kudai malipo.

Bibi yake hakujua kusoma. Siku hiyo alikuwa amepata ujumbe kwenye simu kutoka kwa shangazi wa mtoto. Akamwambia, "Mjukuu wangu, nisomee." Mtoto alisoma polepole, neno kwa neno. Ujumbe ulisema shangazi amepona na atakuja Jumamosi. Bibi akashukuru, akasema, "Leo sikumsumbua jirani. Nina msomaji wangu." Hakumpa pipi wala shilingi. Kesho yake mtoto alirudi mwenyewe kuuliza kama kuna ujumbe mwingine.

2. Zawadi na hongo

Wahenga walisema, "Chanda chema huvikwa pete." Angalia vizuri methali hii. Chanda ni kidole. Kidole kinakuwa chema kwanza, ndipo pete inafuata. Hiyo ni zawadi.

Hongo ni kinyume chake. Mtoto analia au anakataa kusoma, nawe unampa kitu ili anyamaze. Hapo umemfundisha kwamba kukataa kuna faida. Kesho atakataa tena, na bei itapanda.

3. Jaribio la wataalamu

Mwaka 1973 wataalamu watatu wa Marekani, Lepper, Greene na Nisbett, walieleza jaribio walilolifanya kwa watoto wadogo waliopenda kuchora. Waliwagawa katika makundi matatu. Kundi la kwanza waliahidiwa cheti kizuri wakichora. Kundi la pili hawakuahidiwa kitu, ila walipomaliza walipewa cheti kama hicho. Kundi la tatu hawakuahidiwa wala hawakupewa.

Baadaye watoto waliachwa wacheze wapendavyo. Wale walioahidiwa cheti walichora kwa muda mfupi zaidi, karibu nusu ya muda wa wenzao. Waliopewa cheti bila kuahidiwa waliendelea kupenda kuchora.

Tunajifunza nini? Jambo ambalo mtoto tayari analipenda, usilinunue. Akipenda kusoma hadithi, mwache asome, nawe msikilize. Zawadi ya kuahidiwa itumie kwa kazi ngumu ambayo bado hajaonja utamu wake, kama vile kujua herufi au kuzidisha namba. Nayo itumie kwa muda tu.

4. Njia ya kufuata

Njia hii haihitaji fedha nyingi. Tafuta kikombe na maharage makavu.

Kwanza, panga kazi ndogo inayowezekana. Usiseme, "Ujue kusoma." Sema, "Leo soma mistari mitano." Mtoto mdogo akikaa robo saa kwa uangalifu, inatosha. Kisha apumzike.

Pili, akimaliza kazi, atie punje moja ya maharage kikombeni kwa mkono wake. Mpe siku hiyo hiyo, usingoje. Mpe kwa kujitahidi, hata kama amekosea maneno mawili. Kama amekariri bila kusoma, mwonyeshe neno moja katikati ya ukurasa alisome.

Tatu, punje zikifika 10, azihesabu mwenyewe. Hapo atapata mlichokubaliana. Kiwe kitu kidogo: kufuatana nawe mnadani, kuchagua mboga ya jioni, kucheza bao na babu, au kupata penseli mpya.

Nne, timiza ahadi. Ahadi ni deni. Ukimdanganya mara moja, kikombe hakina maana tena. Kwa hiyo usiahidi usichonacho.

Tano, punguza zawadi kidogo kidogo. Baada ya mara chache, zawadi ije kwa punje 20, kisha 30. Siku moja utaona mtoto amesahau kikombe lakini hajasahau kitabu. Hapo usimkumbushe.

Sita, mpe kazi ya kweli ya kusoma. Akusomee ujumbe wa simu, tarehe kwenye kadi ya kliniki, au bei dukani. Asome mizani mnapouza mahindi. Mtoto akiona kusoma kwake kunasaidia nyumba, hiyo ni zawadi kubwa kuliko pipi.

5. Maneno nayo ni zawadi

Sema jambo lenyewe alilofanya. Usiseme tu, "Una akili." Sema, "Neno hili lilikushinda jana, leo umelisoma." Hapo mtoto atajua nini kilichomfikisha.

6. Mambo ya kuepuka

- Usimnyime mtoto chakula kwa sababu hakusoma. Chakula ni haki yake.
- Usimnyang'anye punje alizokwisha pata. Alizitolea jasho.
- Usiwalinganishe ndugu. Kila mtoto awe na kikombe chake.
- Usitumie kusoma kama adhabu. Mtoto ataona kitabu ni fimbo.
- Usimchape kwa kukosea. Anayeogopa huficha makosa, na kosa lililofichwa halisahihishwi.

Ndugu mwanakisomo, pengine unasema, "Mimi mwenyewe nasoma polepole. Nitamfundishaje?" Usione haya. Kaa naye. Soma mstari wako, naye asome wake. Ukikutana na neno gumu, mlisome pamoja. Mtoto akikuona wewe mtu mzima unajitahidi, atajua kwamba kusoma ni jambo la heshima. Shule zikifunguliwa, mpeleke mapema. Kumfundisha nyumbani ni kumsaidia mwalimu wake, siyo kumwachisha shule.

Mwanangu sasa yuko sekondari. Bado humsomea bibi yake ujumbe. Nami bado sijamlipa.

Maswali ya kujadili darasani

1. Kwa nini mtoto wa mwandishi aliacha kusoma siku ambayo hakukuwa na kitu mfukoni?
2. Bibi alimpa mtoto zawadi gani?
3. Eleza tofauti ya zawadi na hongo. Toa mfano kutoka nyumbani kwako.
4. Kwa nini ni vibaya kumnyang'anya mtoto punje alizopata?

Kazi ya kufanya

Andika katika daftari lako mambo matatu yasiyohitaji fedha ambayo mwanao angefurahi kuyapata kama zawadi. Anza na kikombe wiki hii. Baada ya wiki mbili, waeleze wenzako darasani mliyoyaona.