Mwaka wa Mapumziko Kabla ya Kuomba Udaktari Marekani

Mzazi aliyesoma Tanzania anaijua njia moja ya kuufikia udaktari. Mtoto anamaliza kidato cha sita na tahasusi ya PCB, akipata alama anaingia Muhimbili au chuo kingine cha tiba, na baada ya miaka 5 anaanza mwaka wa utarajali hospitalini. Hakuna nafasi ya kusimama katikati. Anayesimama huonekana ameshindwa ada, ameshindwa masomo, au amepatwa na jambo lisilosemwa. Ndiyo maana familia ikiwa imehamia Minneapolis au Houston, na binti wa mwaka wa pili chuoni akasema anataka kusimamisha masomo mwaka mmoja kabla ya kuomba udaktari, nyumba nzima hushtuka.

Hofu hiyo inatokana na mfumo mwingine. Marekani udaktari husomwa baada ya shahada ya kwanza: miaka 4 ya chuo, kisha miaka 4 ya shule ya tiba, kisha mafunzo ya ubingwa. Zaidi ya theluthi mbili ya wanaoingia shule za tiba huko wamekaa mwaka mmoja au zaidi kati ya kuhitimu chuo na kuanza udaktari, na wengi huanza wakiwa na umri wa miaka 24 hivi. Kupumzika mwaka si aibu wala doa. Linalostahili kuumiza kichwa ni mwaka huo uwekwe wapi: katikati ya chuo, au baada ya kuhitimu. Wengi hawalifikirii hilo mpaka wamekwisha kuchelewa, kwa sababu hawajaisoma kalenda.

Maombi ya shule nyingi za tiba hupitia mfumo mmoja uitwao AMCAS, unaoendeshwa na AAMC, chama cha vyuo vya tiba vya Marekani. Shule za umma za Texas zina mfumo wao, TMDSAS, na shule za udaktari wa osteopathia zina AACOMAS. AMCAS hufunguliwa mwezi Mei na maombi huanza kutumwa mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni. Usaili huanza kama Agosti na kuendelea hadi mwaka unaofuata, na masomo huanza Julai au Agosti ya mwaka huo unaofuata. Maana yake, unaomba zaidi ya mwaka mzima kabla ya kuingia darasani.

Chukua mwanafunzi aliyeanza chuo Agosti 2025. Asipopumzika popote, atahitimu Mei 2029, na ili aingie shule ya tiba Agosti mwaka huohuo lazima aombe Juni 2028, akiwa amemaliza mwaka wa 3 tu na mtihani wa kuingia shule za tiba, MCAT, ameshaufanya. Akiamua kupumzika baada ya kuhitimu, ataomba Juni 2029 na kuanza Agosti 2030. Sasa tazama anayepumzika katikati, tuseme baada ya mwaka wa 2. Atarudi Agosti 2028, atamaliza mwaka wa 3 Mei 2029, ataomba Juni 2029, atahitimu Mei 2030 na kuanza udaktari Agosti 2030. Wote wawili wanaingia siku moja. Wanachotofautiana ni kile walichonacho mkononi siku ya kubonyeza kitufe cha kutuma.

Aliyesubiri hadi kuhitimu ana alama za miaka 4 kamili. Kama alianza vibaya mwaka wa 1 kisha akapanda, mwaka wa 4 mzuri unaonekana kwenye hesabu, na hilo si dogo, kwa sababu AMCAS huhesabu kila somo na kila jaribio. Ukipata D ya kemia ogania, ukairudia ukapata A, zote mbili huingia kwenye wastani. Lakini mwaka wake wa mapumziko unaanza baada ya fomu kutumwa. Kazi ya hospitali anayoianza Julai haimo kwenye maombi ya Juni, ila kama saa anazotarajia kuzifanya, na kamati ya udahili haimpimi mtu kwa ahadi kama inavyompima kwa alichokwisha kutenda. Kwa hiyo aliyehitimu bila kumgusa mgonjwa hata mmoja huhitaji miaka 2, si mmoja. Aliyepumzika katikati, kwa upande wake, anakuja na mwaka aliokwisha kuuishi: fomu ya AMCAS ina nafasi 15 za shughuli, na insha binafsi isiyozidi herufi 5,300, na humo ana kitu cha kuandika.

Hapo ndipo mwaka wa katikati unapovutia. Gharama zake, hata hivyo, hujificha.

Kubwa kuliko zote ni mkopo. Kwa mkopo wa serikali kuu, ruhusa rasmi ya kutokuwepo masomoni haiwezi kupita siku 180 katika miezi 12. Ukitoka mwaka mzima, kwa macho ya mkopo umeacha, hata kama chuo chenyewe kinakuhesabu mwanafunzi wake na kimekuwekea nafasi. Muda wa ahueni wa miezi 6 unaanza kukimbia, na ukiisha unatakiwa kuanza kulipa. Ukirudi chuoni malipo husimamishwa tena, lakini ule muda wa ahueni umeshautumia. Ukihitimu hutapewa mwingine kwa mkopo huo. Atakayerudi kabla ya miezi 6 kwisha, ahueni yake hubaki kamili. Kwa familia inayoishi kwa mishahara ya zamu za usiku, tofauti ya muhula mmoja na mwaka mzima inaweza kuwa dola mia kadhaa kila mwezi ambazo hakuna aliyezipangia. Uliza pia kuhusu ufadhili wa chuo chenyewe. Baadhi ya ufadhili husubiri, na mwingine hufa mara tu mwanafunzi anapotoka.

Bima ya afya ni jambo la dakika chache, ila usilisahau. Kama una bima ya chuo, huenda ikakatika. Sheria ya Marekani inamruhusu kijana kubaki kwenye bima ya mzazi hadi afikishe miaka 26, mradi mzazi anayo ya kumjumuisha.

Kwa mwanafunzi aliyetoka Dodoma, Mombasa au Bujumbura na viza ya mwanafunzi, F-1, nasema bila kuzunguka: mwaka wa katikati ni hatari, usiuchukue bila sababu nzito. Ukisimamisha masomo kwa ruhusa, una siku 15 za kuondoka nchini. Ukikaa nje zaidi ya miezi 5, utahitaji fomu mpya ya I-20, ada ya SEVIS upya na pengine viza mpya, na muda uliokwisha kuukusanya kwa ajili ya kibali cha kazi huanza kuhesabiwa upya. Ukihitimu kwanza, mambo hubadilika kabisa. Unapata miezi 12 ya kufanya kazi inayohusiana na ulichosomea, na kwa shahada kama biolojia au kemia unaweza kuongezewa miezi 24 ikiwa mwajiri anatimiza masharti. Kazi ya utafiti katika maabara ya hospitali inaingia humo sawasawa. Angalia tu usikae bila kazi zaidi ya siku 90 kwa jumla katika ile miezi 12 ya mwanzo. Na kabla ya yote, jua kwamba shule nyingi za tiba za Marekani hazipokei kabisa waombaji wasio raia wala wakaazi wa kudumu, na baadhi ya zinazowapokea hudai uthibitisho wa fedha za miaka yote. Hifadhidata ya AAMC iitwayo MSAR huonyesha shule ipi inapokea nani. Isome ukiwa mwaka wa 1.

Kwa raia na wakaazi wa kudumu pia kuna jambo jipya la fedha. Sheria iliyosainiwa Julai 2025 imefuta, kwa wakopaji wapya kuanzia tarehe 1 Julai 2026, ule mkopo wa serikali uliokuwa ukifidia gharama yote ya shule ya tiba. Sasa mwanafunzi wa udaktari hukopa serikalini hadi dola 50,000 kwa mwaka na dola 200,000 kwa jumla. Katika shule nyingi za binafsi, ada pamoja na kula na kulala hupita dola 80,000 kwa mwaka. Pengo hilo huzibwa na mikopo ya benki, ufadhili wa shule, au shule ya umma ya jimbo lako. Mwaka wa mapumziko unaotumika kuweka akiba na kujenga ukaazi wa jimbo lenye shule nafuu si mwaka uliopotea.

Mwaka wenyewe ufanye nini? Ushauri wangu ni mmoja: uwe karibu na wagonjwa, na uwe na mshahara ikiwezekana. Safari ya wiki 2 ya kujitolea nchi za mbali, inayolipiwa na mzazi, haifiki hata nusu ya mwaka wa kuwaogesha wazee na kuwageuza kitandani. Kazi ya msaidizi wa muuguzi, ambayo Waafrika Mashariki wengi Marekani wanaijua kwa sababu mama au shangazi anaifanya, huanza na mafunzo ambayo sheria ya serikali kuu inataka yasipungue saa 75, na majimbo mengi huongeza. Kijana asiione ndogo. Kamati za udahili haziioni ndogo. Wako pia wanaoandika kumbukumbu za daktari wakati mgonjwa anahojiwa, na wahudumu wa magari ya wagonjwa.

Kuna kazi moja ambayo msemaji wa Kiswahili anayo nusu yake tayari: ukalimani wa hospitali. Wakimbizi kutoka Kongo walikuwa miongoni mwa makundi makubwa zaidi yaliyopokewa Marekani katika miaka iliyoishia 2024, na wengi wao Kiswahili ndicho wanachomwelezea nacho daktari maumivu yao. Hospitali zinazopokea fedha za serikali zinawajibika kisheria kutoa mkalimani, na haziruhusiwi kumtegemea mtoto wa mgonjwa isipokuwa kwa dharura. Njia ya kawaida ya kuanza ni mafunzo ya saa 40, na kuna cheti cha kitaifa kiitwacho CoreCHI ambacho mkalimani wa lugha yoyote anaweza kukifanyia mtihani. Aliyekulia Kiswahili cha pwani ajue kwamba mama wa Bukavu au Goma ana maneno yake, na mengine ni ya Kifaransa. Atajifunza kwanza kusikiliza. Sijui maandalizi bora ya udaktari kuliko kukaa kati ya mgonjwa na daktari, ukitamka kila neno la mmoja kwa mwingine bila kuongeza wala kupunguza.

MCAT uupangie mahali pake. Ni mtihani wa zaidi ya saa 7 pamoja na mapumziko, alama zake huanzia 472 hadi 528, na wanaopata nafasi za shule za AMCAS wana wastani wa kama 512. Unaruhusiwa kuufanya mara 3 kwa mwaka, mara 4 katika miaka 2, na mara 7 maishani. Shule nyingi hukubali alama za miaka 2 au 3 iliyopita tu, hivyo anayeufanya mapema mno kabla ya mapumziko marefu anaweza kuzikuta zimepitwa na wakati. Anayetoka katikati ya chuo asikate mfululizo wa somo: kemia ogania ya 1 na ya 2, fizikia ya 1 na ya 2, zimalizwe pamoja kabla ya kuondoka. Kurudi baada ya mwaka na kuanzia sehemu ya pili ni kujitafutia C. Walimu wanaokujua nao waombe barua za mapendekezo kabla hujaondoka, wakati bado wanakumbuka sura yako na swali ulilouliza darasani.

Kuhusu ada, AAMC ina mpango wa msaada kwa familia za kipato cha chini. Ukikubaliwa, ada ya MCAT hupunguzwa na maombi ya AMCAS kwa hadi shule 20 huwa bure. Faida hiyo hairudi nyuma: omba msaada kwanza, kisha ndipo ujiandikishe mtihani.

Naye asiyekuwa tayari asiombe kwa kujaribu bahati. Kila mwaka waombaji hupita 50,000 na wanaoanza ni kama 23,000. Mwombaji wa kawaida hutuma kwa shule zaidi ya 15, kila moja na ada yake, kisha insha za ziada na ada nyingine. Akikosa, akiomba tena shule nyingi humuuliza nini kimebadilika tangu mara ya kwanza. Kusubiri mwaka mmoja ni nafuu kuliko kujibu swali hilo mikono mitupu.

Kwa mzazi, kijana aseme wazi na aje na karatasi. “Mama, siachi shule. Barua ya chuo hii hapa, tarehe ya kurudi imeandikwa, na kazi nimeshapata.” Mzazi naye aulize sababu. Ugonjwa, uchovu unaoharibu alama, ada iliyokwama, mzazi anayeuguzwa nyumbani: hizi ni sababu za kutoka katikati, na kamati ya udahili huzielewa zikielezwa kwa ukweli. Kama sababu ni kutafuta uzoefu peke yake, na alama zinapanda, maliza shahada kwanza.

Anayebaki na nia ya kutoka aanzie ofisi ya mikopo na ufadhili, kisha ofisi ya wanafunzi wa kigeni kama ana viza, kisha mshauri wa wanaojiandaa kwa udaktari, na mwisho msajili wa chuo. Kila ofisi impe jibu kwa maandishi, na majibu hayo yawe mkononi kabla hajasaini fomu ya kusimamisha masomo.