Somo la Afya: Kuumwa Kichwa na Vidonge vya Dukani

Wapendwa, katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, mlango wa 4, twasoma habari za mtoto wa mwanamke Mshunami. Alikwenda kwa baba yake shambani wakati wa mavuno, akaumwa kichwa. Akapelekwa kwa mama yake, na adhuhuri akafa, hata Mungu akamrudishia uhai kwa mkono wa Elisha. Basi kuumwa kichwa si jambo dogo sikuzote.

Hapa Ufipa wengi wetu, tukiisha kulima matuta ya ntumba jua kutwa, twaenda dukani na kusema, "Nipe dawa kali ya kichwa." Neno hilo halina busara. Dawa hizi hazichaguliwi kwa ukali wake, bali kwa kumtazama yeye atakayezinywa.

Ya kwanza ni parasetamoli, ambayo wengi waijua kwa jina la Panadol. Watu wengi yafaa waanze na hiyo, hata mwenye mimba na mwenye vidonda vya tumbo. Mtu mzima hunywa kidonge kimoja au viwili vya miligramu 500, kisha hungoja muda wa saa 6; asipite vidonge 8 kwa mchana na usiku. Mtoto hupimiwa kwa uzito wake. Lakini upole wake usitudanganye: ikizidi huharibu ini.

Ya pili ni ibuprofeni, nayo hunywewa baada ya kula. Mwenye vidonda vya tumbo, mwenye ugonjwa wa figo, mwenye pumu na mwenye mimba wasiinywe bila shauri la tabibu. Diklofenaki ni ya jamaa hiyo hiyo; kuzinywa mbili pamoja ni kuzidisha madhara.

Ya tatu ni aspirini, iliyoanza kuuzwa na Bayer ya Ujerumani mwaka 1899. Nayo huumiza tumbo, tena hupunguza kuganda kwa damu. Mtoto asiyetimiza miaka 16 asipewe, maana yaweza kumletea ugonjwa mbaya wa ubongo na ini. Viko pia vidonge vya mchanganyiko. Tusome maandiko ya pakiti, tusije tukanywa dawa moja mara mbili kwa majina mawili.

Twamjua mama mmoja aliyekunywa vidonge karibu kila siku, tangu kulima hata mavuno. Kichwa hakikupona, bali kilizidi. Tabibu alimwambia aache, kwa kuwa dawa yenyewe imekuwa chanzo. Alipata taabu kwa majuma machache, kisha akatengenea. Atumiaye dawa hizi siku 15 au zaidi kila mwezi, kwa muda upitao miezi 3, aweza kupatwa vivyo hivyo.

Tena tukumbuke malaria. Huku juu kuna baridi, lakini tushukapo Bonde la Rukwa, au Kirando na Kasanga kando ya Ziwa Tanganyika, mbu hutungoja. Kidonge cha maumivu hupunguza homa, lakini vijidudu vya malaria hubaki damuni. Mwenye homa na kuumwa kichwa apimwe damu mapema, hasa mtoto.

Na haya hayangoji kidonge: kichwa kilichouma ghafula kwa nguvu nyingi, shingo kukakamaa, akili kuchanganyikiwa, upande mmoja wa mwili kulegea, kuumwa kichwa baada ya kuanguka, au mwenye mimba kuona ukungu machoni. Huyo apelekwe hospitali mara moja.

Wazee husema jina la Sumbawanga maana yake ni kutupa uchawi. Basi tusimtafute mchawi wa kichwa chetu, wala tusikifanye kidonge kuwa hirizi mpya. Luka alikuwa tabibu, na alikuwa mtu wa sala. Sisi nasi tuombe, tupime, ndipo tunywe.