Somo la Historia: Mikarafuu Iliyokatwa kwa Amri



Tumezoea kusoma katika ukurasa huu habari za kupalilia, kuchuma na kuanika. Safari hii tumeona inafaa tusome habari ya watu waliokatiwa mikarafuu yao. Wala haikuwa mikarafuu iliyokufa kwa maradhi. Ilikuwa mizima yenye kuzaa.

Hayo yalitokea Maluku, visiwa ambavyo leo ni sehemu ya Indonesia. Huko ndiko asili ya mkarafuu: Ternate, Tidore, Moti, Makian na Bacan. Baadaye ulipandwa pia Ambon na Seram. Wenyeji waliwauzia Wajava, Wamalai, Waarabu na Wareno, yaani yeyote aliyetoa bei nzuri.

Mwaka 1602 Waholanzi waliunda kampuni yao ya biashara ya Mashariki, na mwaka 1605 ikawanyang'anya Wareno ngome ya Ambon. Kampuni ilitaka karafuu zote zipite mkononi mwake, kwa bei iliyoipanga yenyewe. Lakini visiwa ni vingi, na wafanyabiashara wa Makassar waliendelea kununua kwa siri. Kulinda kila bandari ilikuwa kazi isiyo mwisho. Kampuni ikaona rahisi zaidi ni kuipunguza miti.

Mwaka 1652 Sultani Mandarsyah wa Ternate alitia sahihi mkataba huko Batavia, ndiyo Jakarta ya leo. Alikubali mikarafuu ya milki yake ikatwe, naye alipwe fedha kila mwaka. Hapa tunamwomba msomaji atue kidogo. Aliyetia sahihi siye aliyepanda, siye aliyepalilia, wala siye aliyepanda juu ya mti kuchuma. Na huyo Sultani mwenyewe hakuwa na nguvu: mwaka 1650 watu wake walimwondoa, akakimbilia kwa Waholanzi, nao ndio waliomrudisha kitini. Mtu wa namna hiyo atakataa nini akiletewa karatasi?

Watu wa Hoamoal, rasi ya magharibi ya Seram, walikuwa wameshaasi tangu mwaka 1651. Arnold de Vlaming aliongoza vita dhidi yao hadi mwaka 1656. Mwisho wake mikarafuu ilifyekwa, na watu waliosalia wakahamishwa kwa nguvu kupelekwa Ambon. Rasi nzima ikabaki bila wenyewe.

Tangu hapo karafuu ziliruhusiwa Ambon na visiwa vidogo vya jirani tu. Ili kuhakikisha, Kampuni ilipeleka misafara iliyoitwa hongi, ya vyombo vya makasia mfano wa ngalawa zetu, ila vikubwa mno, kutafuta mikarafuu iliyochipua penginepo na kuikata. Waliopiga makasia ni wanakijiji wenyewe, kwa lazima. Yaani mkulima aliacha shamba lake kwa wiki kadhaa akaenda kukata la mwenziwe.

Hata Ambon hapakuwa na raha. Karafuu zikiwa haba, amri ilitoka watu wapande. Zikizidi, amri ilitoka wakate. Sisi tunajua mkarafuu humngojesha mtu miaka sita, saba, nane kabla ya kumlipa. Amri za Kampuni hazikungoja hivyo. Na bado mali ilizidi: mwaka 1760 huko Amsterdam shehena za viungo zilichomwa moto makusudi ili bei isishuke.

Mti wenyewe ulitoroka. Pierre Poivre, mtawala wa Kifaransa katika kisiwa cha Mauritius, alituma vyombo Maluku, na mwaka 1770 vikarudi na miche na mbegu za karafuu zilizopatikana kwa siri. Kutoka visiwa vya Wafaransa mkarafuu ulifika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19. Jinsi watumwa walivyofanyishwa kazi katika mashamba hayo ya kwanza ni somo jingine, nalo pia ni chungu.

Kampuni ya Waholanzi ilivunjwa mwishoni mwa mwaka 1799, imezama katika madeni. Misafara ya hongi ilikomeshwa mwaka 1824. Baadaye watu wa Java walianza kutia karafuu katika sigara zao, zile ziitwazo kretek, na mahitaji yakapita mavuno yao. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, hadi walipopanda za kuwatosha, karafuu hizo walizinunua Zanzibar na Madagaska.